Nyumba ya Mawe ya Mkunazini na Nyumba Yetu ya Kale

Kamati ya Jubilei iliponikabidhi jukumu la kuandika habari za nyumba ya kale ya misheni iliyo nyuma ya kanisa letu, niliomba ruhusa ya kuanzia mbali. Kamati ilikubali, kwa sharti kwamba nisikawie kurudi. Nitaanzia basi Unguja, katika nyumba ya mawe iliyogeuzwa kuwa makao ya wageni, kwa kuwa maswali ambayo Baraza la Wazee limeyajadili kwa miaka kadhaa juu ya nyumba yetu, ndugu zetu wa Kanisa Anglikana walitangulia kuyakabili pale Mkunazini. Yapo waliyoyashinda, na yapo ambayo bado ni mazito mikononi mwao.

Wageni wetu kutoka dayosisi hawana budi kuelezwa kwanza jinsi hoja ilivyo. Nyumba yetu ina kuta nene za mawe ya hapa hapa yaliyounganishwa kwa udongo, paa la mabati, na dari la mbao. Imekaa bila mtu tangu mchungaji wa mwisho alipohamia nyumba mpya. Waumini wengine husema ivunjwe, na kiwanja kijengwe hosteli ya kisasa ya matofali ya saruji. Wengine husema ikarabatiwe iwe nyumba ya wageni. Wapo wanaosafiri kwenda kuuguza ndugu zao katika hospitali ya Haydom, wapo wanaokuja kupanda Mlima Hanang wenye urefu wa zaidi ya mita 3,400, na wapo wageni wa dayosisi ambao hadi sasa huwalaza majumbani mwetu. Katika vikao nimesikia pande zote mbili zikisema kwa uchungu. Mzee mmoja alitamka kwamba atakayeivunja nyumba ile aanze kumvunja yeye. Mama mmoja wa kwaya alimjibu, kwa upole lakini bila kuficha, kwamba yeye alipokuwa mtoto hakuruhusiwa kukanyaga hata baraza la nyumba ile, na haoni ni kumbukumbu ya nani inayohifadhiwa. Kikao kilinyamaza. Sikuwa na jibu siku ile, nami naandika makala haya nikiwa na maneno ya mama yule mbele yangu.

Misheni ya Vyuo Vikuu kwa Afrika ya Kati, iliyojulikana kwa kifupi kama UMCA, ilifika Unguja mwaka 1864 chini ya Askofu William Tozer, akiwa pamoja na Dkt. Edward Steere. Jaribio la kwanza la misheni hiyo, katika nchi ya mto Shire, lilikuwa limeishia katika homa, vita na makaburi. Unguja walipata makao katika nyumba kubwa iliyo ukingoni mwa bahari huko Shangani, iliyojengwa katikati ya karne ya 19 na tajiri wa Kiarabu, Salim bin Bushir al-Harthi. Watu waliiita Mambo Msiige, yaani tazameni lakini msijaribu kufanya kama haya. Inasimuliwa kwamba chokaa ya kuta zake ilikandwa kwa mayai. Ni katika miaka hiyo ya mwanzo ya misheni kwamba Steere alijifunza Kiswahili kwa kuwasikiliza wenyeji, akasimamisha mtambo wa kuchapia, na mwaka 1870 kikatoka kitabu chake cha sarufi ya Kiswahili. Kazi yake na ya wenzake ya kutafsiri Maandiko ni mojawapo ya mizizi ya Biblia ya Union Version ya mwaka 1952, ambayo wengi wetu tumekua nayo. Kwa hiyo, ingawa sisi ni Walutheri wa nyanda za juu, na wengi wetu tulifikia utu uzima kabla ya kuiona bahari, tunaihusu nyumba ile ya pwani zaidi ya tunavyodhani.

Tarehe 5 Juni 1873 Sultani Barghash alitia sahihi mkataba wa kuzuia biashara ya watumwa kwa njia ya bahari, na soko la watumwa la Mkunazini likafungwa. Misheni ilipata kiwanja hicho, na siku ya Krismasi ya mwaka huohuo likawekwa jiwe la msingi la kanisa. Steere, ambaye baadaye alikuwa askofu, aliusimamia ujenzi huo mwenyewe, pamoja na paa lake la ajabu, lililofinyangwa kama pipa kwa mchanganyiko wa mawe ya matumbawe na saruji. Alifariki mwaka 1882 na kuzikwa nyuma ya madhabahu. Zipo nguzo ndogo karibu na mlango wa magharibi ambazo zimesimama kichwa chini miguu juu. Inasimuliwa kwamba mafundi walizisimamisha hivyo wakati askofu yuko safarini, naye aliporudi akaziacha. Nimeyasoma mengi juu ya kanisa lile. Majina ya mafundi wale sikuyaona mahali popote. Alama pekee ya mikono yao ambayo mgeni huonyeshwa ni kosa lao.

Mwishoni mwa karne ya 19 misheni ilijenga hospitali yake kando ya kanisa. Jengo hilo, ambalo limejulikana kwa jina la Mtakatifu Monica, mama yake Augustino, ndilo lililogeuzwa baadaye kuwa hosteli ya wageni. Kwa sasa bahari haionekani kutoka pale. Lakini zamani hori la bahari liliingia upande wa mashariki wa mji na kuukaribia mtaa huo, mpaka lilipofukiwa katika karne ya 20. Msafiri anayelala Mkunazini hutembea dakika chache tu kwa miguu kufika Forodhani.

Ili ieleweke kwa nini kukarabati nyumba ya namna hiyo ni kazi ngumu, sina budi kueleza jinsi zinavyojengwa. Mawe yake ni matumbawe yaliyochimbwa, mepesi na yenye vitundu. Yanaunganishwa kwa chokaa, nayo chokaa hupatikana kwa kuyachoma matumbawe yenyewe: hupangwa magogo mengi, mawe yakarundikwa juu, moto ukawashwa na kuachwa uwake hadi yote yawe meupe. Kisha chokaa huzimwa kwa maji au kwa mvua na kuachwa ikae. Fundi wa kweli hakubali kutumia chokaa iliyotoka motoni jana. Sakafu za ghorofani hubebwa na boriti za mikoko, na kwa kuwa boriti hizo hazina urefu mkubwa, vyumba vya nyumba za Mji Mkongwe ni vyembamba, kiasi cha mita tatu au zaidi kidogo upana wake, hata kama nyumba ni ya tajiri. Mti uliota kwenye matope ya ufuo ndio uliowaamulia mabwana wakubwa upana wa sebule zao.

Nyumba hiyo huishi maadamu inatunzwa. Ukuta wa chokaa hunyonya unyevu wa masika na kuutoa wakati wa jua. Lipu ikibanduka hupigwa nyingine. Kila baada ya muda ukuta hupakwa chokaa upya. Paa likivuja na kuachwa misimu michache, maji huteremka kwenye vichwa vya boriti vilivyozikwa ukutani, boriti huoza kimyakimya, na siku moja sakafu huanguka na kuuvuta ukuta. Wazee wa Kiiraqw watalielewa jambo hili bila kueleweshwa zaidi. Tembe zao za zamani, zilizochimbwa nusu yake ndani ya mteremko wa kilima ili adui asizione upesi, zilikuwa na paa la udongo lililohitaji mkono wa mtu kila mvua zilipokaribia. Aliyehama tembe hakuliacha jengo. Aliliacha lianze kurudi kuwa kilima.

Baada ya Mapinduzi ya mwaka 1964 nyumba nyingi za Mji Mkongwe zilichukuliwa na serikali, na ndani yake wakaingia watu wengi waliokuwa wakihitaji mahali pa kukaa. Kodi zilikuwa ndogo na hapakuwa na fedha za matengenezo. Kufikia miaka ya 1980 nyumba zilikuwa zikianguka. Mwaka 1985 iliundwa Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe. Mwaka 2000 mji huo ukaingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Katikati ya miaka hiyo milango ya utalii ilifunguliwa, na nyumba zilizokuwa magofu zikaanza kurudi kama hoteli. Shirika la Aga Khan lilifanya kazi ya mfano katika ile zahanati ya kale iliyo mkabala na bandari, na mwaka 1997 ikafunguliwa hoteli ya Serena kutokana na majengo mawili ya kale ya Shangani. Mambo Msiige yenyewe, baada ya kuwa ofisi za serikali kwa miaka mingi, ilifunguliwa mwaka 2015 ikiwa sehemu ya hoteli ya kifahari. UNESCO ilikuwa imeeleza wasiwasi wake juu ya jengo jipya lililoongezwa katika kiwanja cha wazi cha kando. Nyumba iliyosema msiige imekwisha kupata mwigo ubavuni.

Mimi sikulala huko. Mfuko wa mchungaji unajulikana. Nililala katika jengo la Mtakatifu Monica usiku wa siku mbili mwaka 2006, nikitokea mkutanoni Dar es Salaam. Chumba kilikuwa cha kawaida: kitanda, chandarua, kiti kimoja, dari la juu sana, na roshani ndefu mbele ya milango. Ukuta ulikuwa mnene kiasi kwamba nilikaa dirishani kama mtu aliyekaa kwenye benchi. Alfajiri niliamshwa na adhana kutoka misikiti zaidi ya mmoja, na baada ya hapo kengele ya kanisa. Niliona ni mahali pema pa kufikia mgeni, safi, pasipo makuu, na bei yake mtumishi wa Mungu aliimudu.

Asubuhi ile mwongoza wageni alinishusha chini ya sakafu ya jengo lilelile nililolala. Kuna vyumba viwili vya chini kwa chini, vifupi mno hata mtu mzima hasimami wima, vyenye majukwaa ya mawe pande zote na mfereji katikati, na matundu membamba ya hewa. Alinieleza kwamba humo walifungiwa makumi ya watu kabla ya kupelekwa sokoni, na kwamba wengi walikufa kwa kukosa hewa. Usiku wa pili sikupata usingizi. Nilijiuliza ni haki gani niliyonayo ya kulala kwenye shuka nyeupe juu ya mahali kama pale. Niliporudi nyumbani niliihubiri habari hiyo Jumapili mbili mfululizo, na wapo miongoni mwenu waliolia.

Baadaye, katika kusoma, nilikuta kwamba wapo wanahistoria wanaotilia shaka maelezo ya vyumba vile. Hoja yao ni nyepesi kufuata: soko lilifungwa mwaka 1873, jengo ni la miaka mingi baada ya hapo, tena lilijengwa na misheni kwa ajili ya hospitali, huenda basi vyumba vya chini vilikuwa ghala la dawa na vifaa. Wengine hushikilia kwamba hospitali ilijengwa juu ya kitu kilichokuwapo tangu zamani. Sina elimu ya kuamua kati yao. Najua tu kwamba mimi nilisimama katika mimbari hii nikasimulia jambo lenye ubishi kana kwamba nimeliona kwa macho. Tulipokuwa katika chuo cha theolojia tulifundishwa kutofautisha simulizi na ushahidi, na tulifanyiwa mtihani juu yake. Nadhani nilifaulu.

Mtu anaweza kusema kwamba haidhuru, kwa kuwa utumwa ulikuwapo, na soko lilikuwa pale pale. Ni kweli lilikuwapo, na hapana mwanahistoria anayelikana. Wengi wa waliouzwa Unguja walitoka kusini, katika nchi zinazozunguka Ziwa Nyasa, wakapitishwa Kilwa. Kwetu huku misafara ya pwani ilipita zaidi upande wa Irangi na Mbugwe. Lakini watu wale walioteswa kweli hawahitaji nyongeza yetu. Mgeni akija kugundua kwamba ameonyeshwa ghala la dawa na kuambiwa ni gereza, huanza kushuku hata kile ambacho hakina shaka, na hapo tumewadhulumu wafu mara ya pili kwa jina la kuwatetea. Penye ubishi, mgeni aambiwe kwamba pana ubishi. Ni afadhali mwongoza wageni anayesema hatujui kuliko anayewaliza watu.

Nilirudi Mkunazini mwaka 2018. Kati ya mwaka 2013 na 2016 ulikuwa umefanyika mradi mkubwa wa kulikarabati kanisa na kiwanja chake, kwa fedha za Jumuiya ya Ulaya na msaada wa Mfuko wa Kumbukumbu za Dunia. Ndani ya jengo la Mtakatifu Monica palikuwa pamefunguliwa, mwaka 2016, maonyesho ya historia ya biashara ya utumwa ya Afrika Mashariki. Nilitumia karibu siku nzima humo. Mtu anayeanza na maonyesho yale, kisha akashuka chini, hushuka akiwa na maswali mengi kuliko niliyokuwa nayo mimi mwaka 2006. Nje bado zipo zile sanamu za watu watano waliosimama ndani ya shimo, minyororo shingoni, kazi ya Msweden Clara Sörnäs ya mwaka 1998. Hazidai kuwa kitu kingine zaidi ya ukumbusho, na labda ndiyo sababu hakuna anayebishana nazo.

Fundi mmoja niliyezungumza naye mjini humo alinipa somo ambalo sikulitafuta. Nilimweleza kwamba nyumba yetu ina ukuta unaobanduka lipu na kutoa ukungu kila masika, ingawa tuliupiga lipu nzito ya saruji. Alicheka. Aliniambia, "Mchungaji, mmemfunga mgonjwa pua." Saruji ni ngumu na haipitishi unyevu, ukuta wa mawe uliozoea kupumua ukifungwa kwa saruji, maji huingia kwa njia nyingine, kutoka chini au juu, yakakosa pa kutokea. Huko pwani huja na chumvi, nayo chumvi hulila jiwe lenyewe. Katika miaka ya kazi yake alikuwa amebandua saruji nyingi kuliko chokaa aliyoipaka. Wale waliotaka kuziimarisha nyumba upesi ndio waliozidhuru, na walifanya hivyo kwa nia njema, kwa mchango, labda na kwa maombi ya ufunguzi.

Lipu yetu ya saruji tuliipiga katika miaka ya 1980, kwa harambee. Nilikuwa mwinjilisti kijana, nikabeba mchanga. Siandiki haya kumlaumu mtu.

Miaka miwili baada ya safari yangu, tarehe 25 Desemba 2020, sehemu kubwa ya Beit al-Ajaib, jumba ambalo Sultani Barghash alilijenga mwaka 1883 mbele ya bahari, ilianguka wakati kazi ya ukarabati ikiendelea, na watu wawili wakapoteza maisha. Habari ile tuliipokea tukiwa tumetoka ibada ya Krismasi. Naitaja ili wale wanaosema tuikarabati nyumba yetu wasidhani kwamba kukarabati ni kazi ya huruma na rangi. Ni kazi ya hatari inayotaka mhandisi, na mhandisi anayeyajua mawe.

Sasa nirudi nyumbani kama nilivyoahidi.

Kwa miaka mingi mimi mwenyewe, kila nilipowaonyesha wageni wa dayosisi nyumba yetu ya kale, nilielekeza kidole kwenye dari na kusema kwamba mbao zile zililetwa kutoka Tanga, juu ya vichwa vya wapagazi, kwa sababu wamisionari hawakuamini kwamba nchi hii ina mbao nzuri. Nililipokea hilo kutoka kwa aliyenitangulia. Mwaka 1994 mzee mmoja wa mtaa wa mbali, aliyekuja kubatiza mjukuu wake, alinisikia nikilisimulia. Alisubiri wageni waondoke. Kisha akaniambia kwa heshima kubwa kwamba mbao zile zilipasuliwa katika msitu wa Nou, na kwamba yeye, akiwa kijana mdogo, alikuwa mmoja wa waliozibeba. Alinionyesha bega lake. Alitaja na majina ya wenzake, kadiri alivyowakumbuka. Niliyasikia, nikamshukuru, na sikuandika hata moja. Wageni waliofuata niliwaambia tena habari ya Tanga, kwa kuwa ilikuwa tamu na nilikwisha kuizoea. Mzee yule alifariki kabla sijamtembelea.

Hili ndilo lililonirudisha kwenye maneno ya mama wa kwaya. Tunapobishana juu ya kuvunja au kukarabati, tunabishana juu ya nyumba ya wamisionari. Kumbe ni nyumba ya waliopasua mbao, waliochimba mawe, na akina mama waliobeba maji ya kukandia udongo, nao wengi wao hawakukaribishwa ndani baada ya kazi kwisha. Kama tutaikarabati na kuandika mlangoni jina la mmisionari peke yake, mama yule atakuwa amesema kweli, na mimi nitapiga kura ivunjwe.

Sisi wa Mbulu na Hanang hatujambo kwa kujua maumivu ya namna hii. Katika nyanda za Basotu, mashamba makubwa ya ngano yalipoanzishwa tangu mwishoni mwa miaka ya 1960, malisho ya Wabarabaig yalipita chini ya majembe ya matrekta, na pamoja nayo baadhi ya bung'eda, yale makaburi ya heshima ambayo Wadatoga huyajenga kwa miezi mingi juu ya wazee wao. Dereva wa trekta aliona kichuguu cha udongo. Kesi zilifika mahakamani katika miaka ya 1980, na uchungu wake haujaisha kwenye baadhi ya kaya za washarika wetu. Naomba tusiwe madereva wa namna ile katika uwanja wetu wenyewe, upande wowote tutakaouchagua.

Katika kikao chake cha mwisho kabla ya kitabu hiki kwenda mtamboni, Baraza la Wazee liliafikiana kwamba nyumba isivunjwe kwa sasa. Saruji itabanduliwa kwanza kwenye ukuta mmoja, ule wa kusini, na ukuta huo utaachwa upumue kiangazi kizima ndipo tuone. Mhandisi atakagua msingi na dari. Ikionekana kwamba nyumba inaweza kubeba wageni, vyumba vitatu vitakuwa vya kulala, na cha nne, kile kilichokuwa ofisi, kitawekwa picha na vitu vya kale. Baraza litakuwa wazi kwa watoto wa Shule ya Jumapili; hilo lilipendekezwa na mama wa kwaya mwenyewe na kupitishwa bila kupingwa. Wanaouguza wagonjwa watalipa nusu ya bei ya wengine. Mhazini alinung'unika hapo, na nilimwelewa. Siku hizi kila kitu kanisani kimekuwa mradi, na mradi usioleta fedha huonekana ni dhambi. Lakini Ibrahimu alipowaandalia wale wageni watatu chini ya mti, sioni mahali Maandiko yanapotaja kwamba Sara aliwaandikia stakabadhi.

Dari halitabadilishwa ila pale palipooza. Fundi seremala amekwisha kuteremsha ubao mmoja ili aupime, na kwa nyuma, upande ambao haujawahi kuonekana tangu ulipopigiliwa, kuna alama tatu za mkaa, kama za mtu aliyekuwa akihesabu.

Pamoja na wainjilisti wa mitaa nimejaribu kukusanya upya majina ambayo sikuyaandika mwaka 1994. Tumewauliza watoto na wajukuu wa waliobeba mbao na kuchimba mawe, katika mitaa yote, na pale ambapo watu wawili wa kaya tofauti wamelitaja jina lilelile, tumeliandika. Hadi sasa tunayo majina kumi na manane, kumi na moja ya wanaume na saba ya wanawake. Mengine mawili yametajwa na mtu mmoja mmoja tu, nayo tumeyaweka kando yakiwa na alama ya kuuliza. Orodha imebandikwa kwenye mlango wa ofisi ya usharika. Mwenye kulijua jina lingine, au mwenye kuona tumekosea, afike ofisini siku yoyote ya kazi kabla ya saa nane mchana. Kalamu ipo mezani.